Kasha Lililofichwa Kando ya Bwawa la Frensham

Asalamu alaikum, ndugu zangu mnaonitazama kutoka Tanga na kwingineko. Leo nipo Frensham, katika kaunti ya Surrey, kusini mwa Uingereza. Maji mnayoyaona nyuma yangu ni ya bwawa lililotengenezwa karne ya 13 ili Askofu wa Winchester afugiwe samaki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia lilikaushwa, kwa hofu kwamba marubani wa adui wangelitumia kutambua njia.

Nimekuja kucheza jiokashingi, mchezo ulioanza Oregon tarehe 3 Mei 2000, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Mtu huficha kasha, hutangaza latitudo na longitudo yake, na anayelipata husaini kidaftari kilichomo, kisha hulirudisha pale pale.

Simu yangu inasema zimebaki mita 4, na imesema hivyo kwa dakika 10 nzima, mshale ukizunguka kama msafiri asiyejua kibla kiko wapi. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia cha kuacha njia na kupekua vichaka, jambo lisilofaa hata kidogo, maana nyika hii inalindwa kisheria na kati ya vichaka hivi vifupi vya heatha wamo ndege wanaotaga chini kabisa, ardhini. Mmoja wao ni ndege wa usiku mwenye rangi ya majani makavu, ambaye akishalea makinda hukimbilia Afrika kuikwepa baridi. Nami, kusema kweli, namwonea wivu. Kwa hiyo anayeficha kasha hupaswa kupata idhini ya wasimamizi wa ardhi, na kulifukia ni marufuku.

Basi nabaki njiani, nikitumia macho. Anapita mama mmoja na mbwa wake. Nainama nikijifanya nafunga kamba za viatu, kwani siri haifichuliwi mbele ya wasiocheza. Sasa tazameni shina la msonobari ule: vijiti vimepangwa vizuri mno, upepo haupangi hivyo. Naam, ni kikopo cha plastiki, na ndani mna kidaftari, penseli na kigari cha mtoto. Anayechukua kitu huacha chenye thamani sawa au zaidi. Mimi sichukui, naacha sarafu ya shilingi 200 yenye sura ya Mzee Karume, naandika tarehe, kisha navirudisha vijiti kimoja kimoja.