Corby: Kiwanda Kilichoendelea Kudhuru Baada ya Kufungwa

Ndugu mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, wamo humu walionisikia nikiuzungumzia mji wa Corby, Uingereza, zaidi ya mara moja, nami siwaombi radhi kwa kuurudia, maana kila ninapoutaja huulizwa swali lile lile: kiwanda kilifungwa lini? Kana kwamba kiwanda cha chuma kikifungwa ndiyo kimekwisha.

Historia yake naipitia haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Stewarts & Lloyds iliamua kujenga matanuru makubwa huko Northamptonshire, juu ya ardhi yenye madini ya chuma, ikahamishia huko wafanyakazi kutoka Scotland, na kijiji cha watu wapatao 1,500 kikawa mji ambao mpaka leo lafudhi yake ina harufu ya Glasgow. Chuma cha pua kilikoma kutengenezwa mwaka 1980, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu.

Mimi hapo ndipo ninapokifungua. Halmashauri ya mji ilinunua mamia ya ekari za eneo la kiwanda na kuanza kulisafisha, kazi iliyoendelea katika miaka ya 1980 na 1990. Tope lenye sumu kama kadimi, kromiamu, nikeli na dayoksini lilichimbuliwa, likapakiwa kwenye malori, likapitishwa katika barabara za watu. Malori hayakufunikwa ipasavyo, wala magurudumu hayakuoshwa ipasavyo. Tope lilidondoka, likakauka, likawa vumbi, na vumbi halibishi hodi: liliingia madirishani, likatua kwenye nguo zilizoanikwa, likavutwa na wajawazito waliokuwa wakienda zao sokoni. Kisha watoto wakazaliwa wakiwa na vidole pungufu.

Najua mtu anataka kuinuka aseme kwamba mji uliokosa ajira ulihitaji ardhi safi upesi ili uvutie wawekezaji. Ndugu yangu, nani amekataa usafi? Nazungumzia turubai. Nazungumzia maji ya kuoshea magurudumu. Kwa miaka mingi wahandisi na wanasiasa wamenieleza ugumu wa urithi wa viwanda, na hakuna hata mmoja aliyenieleza ugumu wa kufunika lori.

Mwingine atasema mahakama haikuthibitisha kitu. Aisome hukumu ya kesi ya watoto hao dhidi ya halmashauri. Tarehe 29 Julai 2009, Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba halmashauri ilifanya uzembe katika kazi ile, na kwamba uchafu uliosambaa ulikuwa na uwezo wa kusababisha kasoro za aina ile. Ni kweli kwamba kila mlalamikaji alibakiwa na mzigo wa kuthibitisha chanzo cha ulemavu wake. Lakini mwaka uliofuata halmashauri ilikubaliana nao kuhusu fidia na ikaomba radhi. Watoto wa kwanza kati ya hao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Nilikuwa nimeahidi kuzungumzia pia vijiji vya jirani, na naona mwenyekiti anaitazama saa. Basi niseme moja tu. Weldon, Stanion na Gretton mara nyingi huelezwa kama mandhari, nyumba za mawe nzuri kwa kadi za posta, ilhali ardhi iliyovizunguka ndiyo iliyopasuliwa na mashine kubwa ili kuyalisha matanuru. Na tope nililolitaja lilipelekwa wapi? Katika machimbo ya Deene, nje ya mji, upande wa vijijini. Mashamba yalitoa madini, mji ukapata mishahara, na mabaki yakarudishwa shambani. Kwa hiyo anayeandika habari za Corby akiishia kwenye mpaka wa mji ameandika nusu yake.

Habari za reli, na jinsi mji huo ulivyokaa miaka mingi bila treni ya abiria, sitaziweza leo. Atakayezitaka anitafute wakati wa chai.