Usiongeze, Badilisha: Mafuta ya Breki na Mteremko wa Soni
(Mhadhara kwa madereva wa bodaboda, Mombo)

Haya, sogeeni kivulini. Wa nyuma zimeni injini, petroli mnanunua nyie, siyo mimi.

Nianze na swali. Nani hapa, tangu mwaka huu uanze, ameongeza mafuta ya breki kwenye pikipiki yake? Inueni mikono juu nione. Wengi. Shusheni. Sasa nani amebadilisha? Sikiliza vizuri: kubadilisha. Ya zamani yametoka yote, yameingia mapya. Mmoja tu. Na yule ni fundi, hahesabiki.

Basi neno langu ni lile lile la siku zote, usiongeze, badilisha, na aliyeshalisikia ruksa kwenda kunywa chai. Wenye breki za ngoma nao watulie tu, najua Boxer na HLX nyingi za kazi hapa ni ngoma, humo hamna mafuta. Lakini kesho mtanunua yenye diski, na mtakuja kuniuliza haya haya. Naongea na wenye Apache, wenye Pulsar, na yeyote mwenye diski mbele.

Kile kikopo cha juu ya mkono wa breki kina kioo kidogo ubavuni, na kwenye kioo kuna alama ya chini. Siku moja unaamka, mafuta yamefika kwenye alama. Unapita kijiweni, fundi anatoa chupa iliyokaa wazi chini ya benchi tangu Ramadhani iliyopita, anamimina, anafunga, unampa chochote, mnaagana kwa furaha. Mimi katika furaha hiyo simo.

Jiulizeni: yale mafuta yalikwenda wapi? Injini inakula oili, sawa, tumekubaliana. Breki haili kitu. Kuanzia masta, ile pampu ya kwenye mkono wa breki, mpaka kalipa kule chini, ile inayoshika pedi na kuibana diski, ni njia iliyofungwa. Kama hakuna panapovuja, hakuna hata tone lililopotea. Yameshuka kwa sababu pedi zimelika. Pedi ikilika, pistoni ya kalipa inatoka zaidi kuifuata, nyuma yake inabaki nafasi, na mafuta ya juu yanateremka kuijaza. Kwa hiyo kioo kile kilikuwa kinakupa taarifa kuwa pedi zinakwisha. Wewe ukajaza, taarifa ikafutika. Siku si nyingi chuma cha pedi kinasaga diski, kwaruuu mpaka abiria anashtuka, na bei ya diski wote mnaijua. Halafu unauliza mbona hukuambiwa. Uliambiwa!

Na bado. Siku ya kuweka pedi mpya, fundi anazisukuma pistoni zirudi ndani. Mafuta uliyoongeza hayana pa kukaa, yanapanda, yanafurika kwenye kikopo, yanatiririka mpaka kwenye tangi. Mafuta haya yanakula rangi, hayana mchezo. Piteni hapo nje mziangalie pikipiki zenu wenyewe: tangi lililobabuka upande wa kulia, karibu na usukani, mnasema ni jua. Jua gani linalobabua upande wa kulia peke yake?

Kuna mtu anasema moyoni, sasa mzee, nikiyakuta chini nikae tu? Angalia pedi kwanza. Zikiwa zimekwisha, weka mpya, kikopo kitapanda chenyewe. Zikiwa bado nene na mafuta yameshuka, hapo kuna panapovuja, na kuongeza hakuzibi tundu. Pitisha kidole kwenye maungio ya mpira, kuzunguka kalipa, na chini ya mkono wa breki pale pistoni ya masta inapoingia. Pakiwa na unyevu, umempata mwizi.

Hilo lilikuwa la pesa. Linalofuata ni la roho.

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4, yaani madaraja ya mafuta ya breki yanayoandikwa kwenye chupa, yanavuta maji. Msiniulize maji yanaingiaje wakati mfuniko umefungwa, nimeshaulizwa sana. Unyevu unapenya kwenye mpira wa breki wenyewe, taratibu, mwezi kwa mwezi, na kila ukifungua kikopo unaukaribisha zaidi. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafikisha maji asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 yanaanzia 230, yakiwa na maji hayo hayo yanaruhusiwa kuchemkia 155. Asilimia 3.7 ni kiasi gani? Kwenye mililita 100 ni maji yasiyojaza kijiko kimoja cha chai. Hayo tu yanakupokonya nyuzi zaidi ya 60.

Mwenzetu wa Dodoma mjini, kwenye tambarare, anaweza asijue kabisa kwamba mafuta yake yameoza. Nyie hamna bahati hiyo. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hapa tulipokaa ni kama 400. Mita 1,000 mnazishuka kwa kupitia Soni, ndani ya kilometa 30 na ushee, kona juu ya kona, na kabichi nyuma.

Kuna kijana alikuwa akishuka na magunia mawili, kaweka nyutro, injini kaizima kabisa ili aokoe petroli. Nyie mnacheka, lakini nikisema walioshuka hivyo leo wasimame, nitabaki nimekaa peke yangu? Injini imezimwa, kwa hiyo kazi yote ya kuuzuia ule mzigo ni ya breki, na yeye hakuachia mkono tangu Soni. Kona moja huku chini, anabana, mkono unakuja mpaka unagusa mshikio. Laini. Anabana tena, hamna kitu. Mungu alimuwekea ukingo wa udongo badala ya korongo, akaishia na michubuko na kabichi barabara nzima.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Watu wakajaa, pikipiki ikainuliwa, ikapita kama nusu saa. Mmoja akabonyeza breki: ngumu! Nzuri kabisa. Mwingine akabonyeza: nzuri. Maneno yakaanza. Alisinzia huyu. Hakubana, aliduwaa. Mzee mmoja akasema kona ile ina wenyewe. Kufika jioni yule kijana mwenyewe ameanza kuamini kwamba hakubana.

Alibana. Mafuta yalichemka ndani ya kalipa, yakatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mkono wake ikaishia kuubonyeza mvuke, pedi hazikuguswa. Kalipa ilipopoa, mvuke ukarudi kuwa maji na breki ikasimama kama vile haikufanya kitu. Ndiyo maana kosa hili halikamatwi. Trafiki akija kuipima, inapita.

Nilifungua kikopo chake mimi mwenyewe. Kilikuwa kimejaa mpaka juu! Alikuwa muongezaji hodari kama nyie. Mafuta yana rangi ya chai kavu iliyolala, na chini kuna tope jeusi. Aaa, unasema, lakini si aliongeza mapya, yakachanganyika? Hayachanganyiki. Oili ya injini inazunguka, ya breki haizunguki. Yaliyomo kwenye kalipa, pale penye moto, yanakaa pale pale miaka na miaka. Unayomimina juu yanabaki juu. Unaweza kuongeza mapya kila Ijumaa, na yanayochemka huku chini yakawa ni yale yale yaliyokuja na pikipiki kutoka dukani.

Tunabadilishaje? Nyumbani, chini ya mwembe, wala hakuna uchawi. Nunua kichupa kidogo kilichofungwa, DOT ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo chako. Spana namba 8, nyingi zinachukua hiyo, na tumia upande wa duara, maana ule wa wazi unakula kona za skrubu. Mpira wa dripu na bomba la sindano kutoka duka la dawa. Kichupa cha kioo. Kitambaa kilicholowa maji utandike juu ya tangi kabla hujagusa kitu, na ndoo ya maji karibu, yakidondoka unamwagia maji hapo hapo, hufuti kwanza.

Geuza usukani mpaka kikopo kikae sawa. Futa vumbi la mfuniko kabla ya kufungua, vumbi la Mombo likiingia humo ni msasa kwenye raba za masta. Zile skrubu mbili za nyota ndizo zinazowatoa watu jasho. Zimeshika, na kichwa chake ni laini. Chukua bisibisi inayojaa kwenye msalaba wake, iweke wima, gonga kichwani kwa nyundo ndogo, ko, ko, ndipo uzungushe huku umeegemea kwa uzito wa mwili. Bisibisi ndogo inayocheza itakula kichwa, na hapo umehamia kwenye kazi nyingine ya kutoboa kwa drili.

Nyonya ya zamani kwa bomba la sindano, futa tope, jaza mapya. Shuka kwenye kalipa, vua kofia ya mpira kwenye skrubu ya kutolea upepo, vika spana kwanza ndipo uchomeke mpira wa dripu. Ncha ya pili izame kwenye kichupa chenye mafuta kidogo, isivute hewa. Sasa: bana mkono wa breki, ushikilie. Fungua skrubu robo mzunguko. Mkono utazama mpaka mwisho. Ukiwa bado umeushikilia, funga skrubu. Ndipo uachie. Ukiachia kabla hujafunga, umevuta hewa, anza upya. Mkiwa wawili ni rahisi, mmoja juu, mmoja chini, na wa chini ndiye anayetoa amri. Rudia. Utaona kwenye ule mpira yanashuka meusi, kahawia, halafu ghafla yanakuja meupe yenye unjano kidogo. Kila mibano michache tupia jicho kwenye kikopo. Kikikauka, hewa imeingia kwenye masta, na kuitoa huko ni karaha.

Ukimaliza na mkono bado unabonyea, usikate tamaa na usikaze skrubu kwa hasira, uzi wake ukifa unanunua kalipa. Gonga kalipa na mpira wa breki kwa mpini wa bisibisi, viputo vilivyonata vipande. Kisha fungia mkono wa breki kwenye mshikio kwa ukanda wa tyubu, umebana hivyo, uache ulale mpaka asubuhi. Mara nyingi utaukuta mgumu. Na kabla hujapanda, bana mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama. Usiende kuijaribia barabarani kwanza.

Muda, naambiwa muda. Haya, haraka. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na hizi nyingine. DOT 5.1 ni ndugu wa 4, majina yanawachanganya, someni chupa. Oili ya injini humo, hapana! Raba zinavimba, breki inashika yenyewe ikakataa kuachia. Yaliyotoka usiyarudishe, hata yakionekana masafi. Mara ngapi? Watengenezaji wengi wanasema kila miaka 2. Nyie mnaoshuka Soni na mizigo, mimi nasema kila mwaka. Breki ya nyuma yenye diski ni hivyo hivyo, ila kikopo kiko chini ya ubavu na wengi wanakisahau. Zenye ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisigande ukibana breki, tuziache leo.

Swali la kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli sijibu tena, shuka na gia. Nani ana spana namba 8? Lete hapa, na ile Apache nyekundu yenye tangi lililobabuka isogezwe tuanze nayo.