Kodi ya Bahati Nasibu Huanzia Mezani pa Tiketi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuniita. Mmeniomba nizungumzie kodi za Marekani kwa vyama vya hisani vinavyochangisha fedha kwa bingo, mchezo wa kuweka alama kwenye kadi namba zinapoitwa, na kwa bahati nasibu, na pia kwa yule anayeshinda. Nimekuwa mweka hazina wa chama kidogo kwa miaka mingi, na yote niliyojifunza nayaweka hivi: ritani, yaani fomu ya kodi, ya mchezo wa kubahatisha hujazwa usiku uleule wa mchezo, kabla mshindi hajatoka mlangoni. Ukifika wakati wa kuiwasilisha tunanakili tu yaliyokwisha kuandikwa.

Chukueni gari. Mfadhili ametoa gari lenye thamani ya dola 20,000, nanyi mnauza tiketi kwa dola 10. Sheria ya shirikisho inasema ushindi wa bahati nasibu, ukitoa bei ya tiketi, ukizidi dola 5,000, chama kikate kodi ya zuio ya asilimia 24. Hapa inabaki dola 19,990, na kodi yake ni dola 4,797.60. Sasa gari halimegwi. Kwa hiyo mshindi ndiye anayepaswa kuwakabidhi ninyi fedha hizo kwanza, ndipo mumpe funguo. Mkiamua kumlipia wenyewe, kiwango kinapanda hadi asilimia 31.58, yaani dola 6,312.84, kwa kuwa kodi mnayomlipia nayo inahesabiwa kuwa sehemu ya ushindi wake.

Na msipokata? IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inawadai ninyi. Sisi yalitukuta. Tulimpa mshindi funguo, tukapiga picha, tukakumbatiana, na siku chache baadaye akahamia jimbo jingine. Deni likabaki kwetu, tukalilipa kwa fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya karo za watoto. Bado inaniuma. Tangu hapo sharti la kodi tunalichapisha nyuma ya kila tiketi, ili mtu ajue kabla hajanunua.

Usiku huohuo mchukueni mshindi jina, anwani, namba ya hifadhi ya jamii na kitambulisho. Mtavihitaji kwenye Fomu W-2G, ile ya kutaarifu ushindi, ambayo yeye anatakiwa kuipata ifikapo tarehe 31 Januari. Kodi mliyoikata nayo mnaitolea taarifa kwa Fomu 945. Kwa bingo, fomu ya mshindi ilikuwa inaanzia dola 1,200. Kwa malipo ya mwaka 2026 kiwango kimepanda hadi dola 2,000. Msitumie karatasi za maelekezo za zamani.

Upande wa chama wenyewe, wengi hudhani hadhi ya kutolipa kodi inafunika kila senti inayoingia. Haifuniki. Mapato ya michezo inayochezeshwa mara kwa mara yanaweza kuhesabiwa kuwa biashara iliyo nje ya lengo la chama, na yakifika dola 1,000 ghafi mwaka mzima mnajaza Fomu 990-T. Kinachowaokoa wengi ni kujitolea: karibu kazi yote ikifanywa na watu wasiolipwa, mapato hayo hayatozwi. Hapa niwaombe tuwe waangalifu sana. Bahashishi anayopewa mwita namba ni malipo. Bingo ya kawaida, iliyo halali katika jimbo lenu na isiyogombania wateja na wafanyabiashara, ina msamaha wake wa pekee. Lakini zile kadi ambazo mtu huzichana na kuona papo hapo kama ameshinda hazihesabiwi kuwa bingo, hata zikiuzwa katika ukumbi uleule. Ziandikieni daftari la peke yake.

Na anayenunua tiketi asiambiwe kwamba ametoa sadaka inayopunguza kodi. Amenunua nafasi ya kushinda. Risiti iseme hivyo.

Sasa kwa mshindi. Nimesikia mara nyingi mtu akisema, "Sikupewa fomu, basi sidaiwi." Si kweli. Ushindi wote ni kipato, fomu iwepo isiwepo, na unaandikwa mzima. Hasara huwezi kuitoa juujuu ukaandika kilichobaki. Inakwenda kwenye Jedwali A, karatasi inayoambatana na ritani, kwa wale tu wanaoorodhesha makato yao, yaani gharama zinazopunguza kipato kinachotozwa kodi, na haiwezi kuzidi ushindi. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imekaza zaidi: kuanzia mwaka wa kodi 2026, inayokubaliwa ni asilimia 90 ya hasara. Aliyeshinda dola 10,000 na kupoteza dola 10,000 atatoa 9,000, na dola 1,000 itatozwa kodi ingawa mfukoni hana kitu. Naliona jambo hili kuwa zito kwa watu wa kipato cha chini, na ndiyo maana nasisitiza daftari: tarehe, mahali, aina ya mchezo, kilichoingia, kilichotoka, na tiketi zenyewe zihifadhiwe.

Naona mikono imeinuliwa kule nyuma. Karibu, mama, tuanze na wewe.