Uvimbe, kisu na saratani

REHEMA: Tuna ujumbe wa sauti kutoka Kibaigwa. Dada mmoja anasema shangazi yake ana uvimbe kwenye kizazi, na ndugu wamemkataza upasuaji. Eti ukiguswa na kisu unageuka kansa.

ELIYA: Hiyo nimeisikia mpaka stendi ya Nanenane. Kisu hakigeuzi seli, dada Rehema. Ila wagonjwa wetu wengi hufika hospitali saratani imeshasambaa. Akifariki baada ya upasuaji, lawama zote kwa kisu.

REHEMA: Na uvimbe wa shangazi?

ELIYA: Daktari ndiye wa kusema, lakini fibroidi, yaani uvimbe wa msuli wa kizazi, kwa kawaida si saratani. Inaweza kuwa kubwa kuliko kichwa cha mtoto na isiende popote. Ukubwa si hoja. Hoja ni kupenya.

REHEMA: Kupenya wapi?

ELIYA: Tuchukue shingo ya kizazi. Seli za juu zimekaa kwenye utando mwembamba mno, huoni kwa macho. Zikiharibika lakini zikabaki juu ya utando, ni mabadiliko ya awali tu, yanaondolewa, kisha mama anarudi kwake Chang'ombe siku hiyohiyo. Zikiutoboa, chini yake kuna mishipa ya damu na ya limfu. Zikiingia humo zinaweza kufika kwenye mapafu, ini, hata mifupa.

REHEMA: Na mwanzo wake ni kirusi.

ELIYA: HPV, karibu kila mara. Harald zur Hausen wa Ujerumani alipata Nobel mwaka 2008 kwa kugundua hilo. Watu wengi miili yao hukifukuza yenyewe. Kikingʼangʼania, kinatoa protini iitwayo E6, inayoangamiza protini ya mwili wetu iitwayo p53. Sasa p53 ndiyo inayokagua vinasaba: vikiwa na hitilafu, inaizuia seli isigawanyike, au inaiamuru ijiue. Protini nyingine, E7, inalemaza kizuizi cha pili. Seli inaendelea kugawanyika bila wa kuiuliza, hitilafu juu ya hitilafu. Mpaka iwe saratani, mara nyingi ni miaka 15 hadi 20. Mwenye kinga dhaifu, 5 hadi 10.

REHEMA: Na muda wote huo haumwi?

ELIYA: Haumwi popote!

REHEMA: Hebu wape na ile ya tembo.

ELIYA: Aah, hiyo naipenda. Tembo ana seli nyingi kutuzidi mbali, kwa hesabu angekufa kwa saratani zaidi kuliko sisi. Wapi! Mwaka 2015 watafiti wakaeleza: jeni ya p53 binadamu anazo nakala 2, tembo takriban 40. Seli yake ikiharibika kidogo tu, inajiua.

REHEMA: Kumbe wale wa Ruaha wanatuangalia tu. Sisi wenye 2 tufanyeje?

ELIYA: Wasichana wachanjwe dhidi ya HPV. Kina mama wakapime, kuna kipimo cha siki.

REHEMA: Siki hii ya kachumbari?

ELIYA: Asidi ni ileile, ila hapa imepimwa. Muuguzi anaipaka kwa pamba kwenye shingo ya kizazi, anasubiri kama dakika moja, anamulika taa. Penye seli zilizobadilika panageuka peupe.