Dakika 25 Kabla ya Kisu

Mhadhara uliotolewa Mtwara kwa madaktari, wauguzi na wanachuo wa afya

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliosafiri kutoka Newala na Nachingwea.

Naanza na saa ya ukutani katika chumba cha upasuaji. Bibi aliyeanguka uani akavunjika shingo ya paja amelala mezani, akisubiri kuwekewa nyonga bandia. Mtaalamu wa usingizi anamchoma gramu 2 za sefazolini, antibayotiki ya kuzuia maambukizi, mshipani na kuandika kwenye karatasi: saa 3:10. Kisu kinagusa ngozi saa 3:35. Katika dakika hizo 25 damu huifikisha dawa kwenye nyama na mfupa kabla vijidudu vya ngozi havijapata njia ya kuingia. Vikitangulia, hujishikiza juu ya chuma na kujifunika utando ambao dawa haiupenyi kwa urahisi, na mara nyingi mgonjwa hulazimika kurudi mezani.

Mwaka 1992 watafiti wa Salt Lake City, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 2,847 wa upasuaji wa aina mbalimbali. Waliopewa antibayotiki ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa walipata maambukizi ya kidonda kwa asilimia 0.6, ilhali waliochelewa zaidi ya saa tatu baada ya kupasuliwa walifikia asilimia 3.3.

Hata hivyo, wengi wetu huendelea kuchoma dawa siku tano au saba, kwa kuwa wodi imejaa na tunaogopa usaha. Naielewa hofu hiyo, maana nami nimewahi kuandika hivyo kwenye faili nikiamini namlinda mgonjwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba dawa ya kinga isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Na je, kuongeza dawa ya pili? Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2023 uliwagawa kwa kura wagonjwa wa viungo bandia wasiojulikana kuwa na vijidudu sugu: wote walipata sefazolini, kisha wengine wakaongezewa vankomaisini, antibayotiki nyingine, na wengine maji yasiyo na dawa. Maambukizi yalikuwa asilimia 4.5 kwa walioongezewa na 3.5 kwa wenzao. Kwenye goti, 5.7 dhidi ya 3.7. Sisemi kwamba vankomaisini ndiyo iliyoleta usaha, ila kinga tuliyoitarajia haikuonekana.

Mwaka huohuo wa 1992 jambo la namna hiyo lilijitokeza upande wa macho. Katika uvimbe wa neva ya jicho, yaani kuvimba kwa mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, kijana huja akilalamika kwamba jicho moja limeingia ukungu na linauma anapolizungusha. Mfunike jicho moja baada ya jingine huku ukimwonyesha kanga nyekundu: kwa jicho gonjwa atakuambia imepauka, kana kwamba imefuliwa mwaka mzima. Zamani tulimwandikia vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, tukaona tumemtendea wema. Watafiti wa Marekani wakawagawa kwa kura wagonjwa 457 wa uvimbe huo: kundi moja lilipata methiliprednisoloni, dawa ya jamii hiyohiyo, kwa mshipa siku tatu kisha vidonge, jingine vidonge pekee vya miligramu 1 kwa kilo, na jingine vidonge visivyo na dawa. Dripu iliharakisha kuona, ingawa baada ya miezi sita makundi yalikuwa yamekaribiana. Waliopewa vidonge pekee ndio waliorudiwa na ugonjwa karibu mara mbili ya wengine, jambo ambalo hakuna daktari angelitambua kwa kukaa kliniki yake peke yake, kwa sababu wengi wa wagonjwa hao huanza kuona vizuri hata wasipotibiwa, na sifa huiendea dawa.

Kwa hiyo akija wa namna hiyo Tandahimba au Liwale, asiandikiwe vidonge hivyo pekee. Apewe rufaa kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, na barua yake itaje tarehe maumivu yalipoanza. Na kwenye karatasi ya upasuaji, naomba pawepo mistari miwili iliyo jirani: saa ya dawa, saa ya kisu.