A66: Barabara Isiyoijali London

BARAKA: Dada Mwanaidi, ukitazama ramani ya Uingereza, barabara kubwa nyingi zinakimbilia London. Leo umetuletea inayokwenda zake kaskazini, haina habari na London.

MWANAIDI: Ndiyo hiyo A66, kaka. Inaikata nchi kwa upana. Inaanzia Workington, mji wa pwani ya magharibi kwenye Bahari ya Ireland, inaishia Middlesbrough, karibu na Bahari ya Kaskazini. Haifiki kilomita 200.

BARAKA: Mbona fupi! Kwa nini basi madereva wa malori wanailalamikia hivyo?

MWANAIDI: Ngoja tupande kwanza. Unatoka Workington, unapita Cockermouth, mji aliozaliwa mshairi Wordsworth mwaka 1770. Kisha Keswick, nchi ya milima na maziwa. Hapo kando ya ziwa Bassenthwaite, sehemu ya lami imelala palepale zilipokuwa reli za treni. Njia hiyo ya treni ilifungwa mwaka 1966, miaka ya 70 wakapitisha barabara.

BARAKA: Kumbe waliikuta njia imeshasawazishwa.

MWANAIDI: Na si mara ya kwanza. Ukishapita Penrith, Appleby na Brough, unaukwea Stainmore, na hapo unafuata njia ya Warumi. Wao waliona zamani kwamba ukitaka kuvuka milima ya Pennine, pale ndipo penye upenyo. Kule juu ni zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari. Hakuna miti ya kuzuia upepo, ni nyasi na kondoo tu.

BARAKA: Na theluji ikianguka?

MWANAIDI: Wanafunga. Upepo ukizidi wanayazuia malori yenye bodi iliyoinuka juu, hasa yasiyo na mzigo, maana yanapinduliwa. Dereva anaambiwa azunguke kaskazini kwa A69, ile ya Carlisle na Newcastle, au ashuke kusini mpaka barabara kuu ya M62. Hapo muda wa kufikisha mzigo umeshaharibika.

BARAKA: Kwa hiyo adui ni mlima.

MWANAIDI: Wengi wanasema hivyo, mimi sikubali. Mlima unaujua, unajiandaa. Kinachotisha ni barabara yenyewe kubadilika. Kati ya Penrith na Scotch Corner, makutano yaliyo upande wa pili wa milima, ni kama kilomita 80. Unakwenda njia nne, magari ya kwenda na ya kurudi yametenganishwa, umekanyaga mafuta vizuri. Ghafla inabana, njia mbili, lori linakuja usoni. Kidogo inafunguka tena. Sasa aliyekwama nyuma ya trekta anataka kuovateki kabla haijabana. Ajali zinazaliwa hapo.

BARAKA: Serikali haioni?

MWANAIDI: Inaona, ila kwa mwendo wa pole. Vipande vilivyobaki vya njia mbili ni kama kilomita 29. Kibali cha kuvipanua kilitoka Machi 2024, na Julai 2025 ndipo serikali ikathibitisha kwamba mradi utagharamiwa.

BARAKA: Haya, tumeshuka Scotch Corner.

MWANAIDI: Hapo A66 inakufanyia mchezo, inapotea! Unaingia A1(M), barabara kuu ya kaskazini na kusini, kidogo, unaikuta tena ukikaribia Darlington, halafu Stockton, kisha Middlesbrough. Darlington na Stockton ndio miji ya ile reli maarufu ya mwaka 1825, ya kwanza ya umma kutumia injini za mvuke.

BARAKA: Lakini nani alikuwa na haja ya kutoka Workington kwenda Middlesbrough?

MWANAIDI: Chuma, kaka. Ncha zote mbili zilikuwa miji ya chuma. Workington walitengeneza reli za treni mpaka mwaka 2006. Middlesbrough ndiko kulikokuwa na kampuni ya Dorman Long, iliyojenga daraja la bandari ya Sydney. Mwaka 1861 ilifunguliwa njia ya treni juu ya Stainmore: makaa ya koki kutoka Durham yanakwenda magharibi kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma, mawe ya chuma ya Cumberland yanarudi mashariki. Treni haikurudi tupu.

BARAKA: Ipo mpaka leo?

MWANAIDI: Ilifungwa mwaka 1962.

BARAKA: Mimi ningeirudisha hiyo treni kabla ya kumwaga lami nyingine. Mizigo mizito ipande reli, barabara ipumue.

MWANAIDI: Ungepitia wapi? Daraja la Belah lililobeba njia hiyo, la chuma, karibu mita 60 kwenda juu, walilibomoa mwaka uliofuata.