Kupanga picha za albamu kwa Typst: waandika mara moja, kurasa zajipanga

Asalaam alaikum jamani, hamjambo, na wakubwa zangu shikamooni. Leo tutapanga picha kwenye kurasa lakini hatutaburuta kitu kwa mausi, tutaandika tu halafu programu yenyewe ndo ipange. Picha zangu ni za milango ya nakshi ya huku kwetu Mji wa Kale wa Mombasa, Ndia Kuu na vichochoro vyake, ziko 24, nataka sita kila ukurasa wa A4 na kila moja iwe na maelezo yake chini. Wewe yako yaweza kuwa albamu ya harusi au picha za leso unazouza dukani, njia ni hii hii.

Mwanzo nilikuwa napanga kwenye programu ya kawaida ya kuandikia barua. Nimefika ukurasa wa tatu, mamangu akatazama akanambia ule mlango wa pili si wa mtaa ule, utoe. Nikautoa, na picha zote za nyuma yake zikahama, maelezo ya mlango huu yakaenda kwa mlango ule, nikakesha. Kwa hii njia ya leo kutoa mlango ni kufuta mstari mmoja tu na vilobaki vyasogea vyenyewe, kila picha na maelezo yake.

Programu yaitwa Typst. Ilianzwa Berlin na vijana wawili, Laurenz Mädje na Martin Haug, na mwaka 2023 ikafunguliwa watu wote waitumie. Ni ya bure. Waweza kuitumia kwenye brauza, typst.app, au uiweke kwenye laptopu, na mimi napenda ya laptopu sababu ukishaiweka haitaki bando tena.

Haya tuanze. Fungua foda mpya, ndani yake weka foda ingine uiite picha, utie picha zako zote humo, na uzipe majina mafupi yasiyo na nafasi katikati, mlango01.jpg, mlango02.jpg, hivyo hivyo mpaka mwisho. Halafu nje ya hiyo foda ya picha tengeneza faili uiite albamu.typ, hiyo ndo tutakayoandika. Mstari wa kwanza:

#set page(paper: "a4", margin: 15mm)

Hapo umesema karatasi ni A4 na pambizo ni milimita 15 kila upande. A4 ina upana wa milimita 210, ukitoa 15 huku na 15 huku wabaki na 180. Iandike hiyo 180 mahali, tutaihitaji.

Sasa sikilizeni hapa sababu ndo penyewe. Usifikirie saizi ya picha, fikiria saizi ya chumba. Picha zaja na maumbo yao, hii imepigwa simu imesimama, hii imelazwa, ukizifuata moja moja utazeeka. Wewe jenga chumba, picha iingie. Twaandika hivi:

#let chumba(jina, maelezo, kaa) = {
  image("picha/" + jina, width: 100%, height: 70mm, fit: kaa)
  text(size: 9pt, maelezo)
}

Hiyo ni fomula tu nimeipa jina chumba. Naipa jina la picha, maelezo, na namna ya kukaa, yenyewe yaleta picha ijaze upana wa chumba, urefu milimita 70, na chini maandishi madogo. Hilo neno kaa ntalirudia, msilipite.

Halafu orodha. Tengeneza faili la pili, orodha.csv, kila mlango mstari wake:

mlango01.jpg,"Ndia Kuu, mlango wa nyumba ya kona",cover
mlango02.jpg,"Mlango wenye aya juu ya kizingiti",contain

Mshaona nimefunga maelezo kwa alama za kunukuu? Ni sababu ya ile koma ya baada ya Ndia Kuu. Usipofunga, programu itadhani koma ile yaanza kitu kingine, itahesabu vitu vinne badala ya vitatu na itagoma. Na baada ya koma za nje usiache nafasi hata moja, ukiweka nafasi kabla ya cover itakwambia hailijui neno hilo, na utatafuta kosa usilione maana nafasi haionekani.

Sasa rudi kwenye albamu.typ umalizie:

#let orodha = csv("orodha.csv")
#for kundi in orodha.chunks(6) {
  grid(columns: (1fr, 1fr), gutter: 6mm,
    ..kundi.map(m => chumba(m.at(0), m.at(1), m.at(2))))
  pagebreak(weak: true)
}

Twende polepole. csv yaisoma ile orodha. chunks(6) yaikata mafungu ya sita sita, kila fungu ukurasa wake. grid ndo inayojenga vyumba, viwili kwenda kando, na kati ya chumba na chumba milimita 6. Halafu 1fr ni mgao, kama mnavyokata mkate wa sinia, ukisema 1fr na 1fr kila mmoja apata sawa, ukisema 2fr na 1fr wa kwanza apata mara mbili ya mwenzake. Kwa hivyo ile 180 yetu, toa 6 ya katikati, gawa kwa mbili, kila chumba 87. Vile vidoti viwili kabla ya kundi usivisahau, vyatoa vitu kwenye fungu kimoja kimoja viingie vyumbani, bila hivyo fungu zima laenda kwa pamoja na utapata kosa. Na m.at(0) ni kitu cha kwanza kwenye mstari, programu yaanza kuhesabu na sifuri.

Kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, ingia ndani ya foda yako uandike typst watch albamu.typ, uiache hapo hapo, kila ukisevu PDF yajibadilisha yenyewe.

Sasa turudi kwa lile neno kaa. Ukiandika image bila kuweka fit, Typst yachukua cover, maana yake picha ijaze chumba chote na kinachozidi kikatwe, wala haikwambii imekata. Picha ya simu iliyosimama ni tatu kwa nne, ukiipa upana wa 87 yataka urefu wa 116, na chumba ni 70. Yaani milimita 46 zaenda, 23 juu, 23 chini. Mimi sikulijua hili, nikachapisha nakala kumi, nikampelekea ami yangu moja, akafungua, akaweka kidole juu ya mlango mmoja akauliza, aya iko wapi? Mlango ule miimo yake iko, mfaa wa katikati uko na maua yake yote, lakini kizingiti cha juu chote hakipo, na pale ndo fundi alipochonga aya na mwaka wa hijria. Yule fundi alikaa na patasi herufi kwa herufi na mimi nimeikata kwa neno ambalo hata sikuliandika. Zile nakala kumi sikumpa mtu.

Ndo maana nimeweka namna ya kukaa ndani ya orodha, kila mlango na wake. contain yaonyesha picha yote, haikati kitu, mlango wa kusimama utakuwa na upana wa milimita 52 na nusu, ukae katikati na weupe kando. Ni mdogo, naam, lakini mzima. cover iwekee zile picha ulizolaza simu, baraza na ukuta vimeingia, hizo zikikatwa kidogo hakuna kinachopotea. Ipo na stretch, hiyo huvuta picha mpaka ijae, mlango waja mpana kama kabati, mi siitumii kabisa.

Na kama zako zote zimesimama, basi badilisha chumba chenyewe. Andika 1fr mara tatu, kila chumba chapata 56, urefu weka 75mm, na hapo hata cover haikati kitu cha kuonekana. Sita bado zaingia, tatu juu tatu chini.

Kuhusu ubora, chumba cha milimita 87 kwa chapa ya nukta 300 kwa inchi chataka picha yenye upana wa pikseli kama 1030. Mtu akikutumia picha kwa WhatsApp muombe aitume kama dokumenti ije vile vile ilivyo. Lakini pia usitie makubwa kupita kiasi sababu Typst haikupunguzii, picha 24 za megabaiti 5 kila moja ni PDF ya 120, jaribu kuituma hiyo uone. Zipunguze kwanza kabla ya kuzitia kwenye foda.

Kabla ya kwenda kuchapisha zote, chapa ukurasa mmoja, na kwenye printa chagua asilimia 100, usikubali ile ya kujaza karatasi. Chukua rula upime picha moja ya cover kutoka ukingo hadi ukingo. Ukipata 87 peleka, ukipata 84 ama 85 printa imekupunguzia, rudi ubadilishe hapo hapo kwenye printa, ulichoandika kwenye albamu.typ usikiguse.